Jamaa Anapandisha Dau Bila Kuangalia Karata: Namna ya Kucheza Naye Poka

Karata zimegawiwa, za kwake zimelala kifudifudi hajazigusa, na tayari kasukuma vizibo nane katikati ya mkeka. "Nane! Nani anakuja?" Wa kwanza anaguna na kutupa. Wa pili anatupa. Zamu inafika kwako, unaangalia karata zako, unamwangalia yeye, unatupa. Mgao unaofuata, yale yale.

Kwenye meza nyingi za poka nilizokaa hapa Dodoma, kuanzia hosteli za UDOM mpaka baraza za Ilazo na Kisasa, huwa yupo mmoja wa namna hii. Na kila anapojiunga mgeni, maswali ni yale yale: nimfuate na karata gani? Nimpandishie? Mbona siku nikiwa na karata nzuri ndiyo ananipiga? Nimechoka kujibu kwa vipande vipande, kwa hiyo majibu yote nayaweka hapa kwa mpangilio.

Mwongozo huu ni wa Texas Hold'em, ile ya karata mbili mkononi na tano mezani. Unatakiwa uwe unajua tayari kipi kinashinda kipi: pea, pea mbili, tatu za namba moja, mfululizo na kuendelea. Kama bado, jifunze hilo kwanza, ni kazi ya jioni moja, halafu urudi.

Kabla sijaenda mbali: wengi wanaofilisika mbele ya huyu jamaa hawafilisiki kwa sababu anajua sana. Wanafilisika kwa sababu wanataka kumkomesha. Ukishaanza kucheza kwa lengo la kumshikisha adabu, umeingia kwenye mchezo wake. Kazi yako ni ndogo kuliko hiyo: mwache aendelee kuweka, wewe uchague lini unalipa.

Vitu vya kuwa navyo

Pakiti moja ya karata 52, jokari toa. Wachezaji wanne mpaka wanane. Hapa nitatolea mfano meza ya watu sita.

Vizibo vya soda. Muombe dada wa grosari akuwekee, kwa wiki moja tu anakujazia mfuko. Tenganisha rangi mbili: vyekundu hesabu kimoja kuwa kumi, vya rangi nyingine kimoja ni kimoja. Kila mtu aanze na thamani ya 200. Blaindi ndogo 1, blaindi kubwa 2: hayo ni madau ya lazima yanayowekwa kabla ya karata kugawiwa, ndogo na anayekaa kushoto kwa mgawaji, kubwa na anayemfuata.

Hela weka pembeni. Michezo ya kubahatisha nchini inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003. Kuendesha mchezo wa pesa kunataka leseni, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa. Kwetu anayefilisika anachemsha chai, basi. Na kwa mtu anayejifunza, vizibo vinafundisha vizuri kuliko noti, maana noti zinakutia woga na woga unakufanya utupe karata ambazo ungepaswa kuzicheza.

Kipande cha karatasi na kalamu. Utakiona kazi yake hatua ya 1.

Na kama mnacheza nje mwezi wa saba au wa nane, beba vijiwe. Upepo wa hapa unajulikana, utakufunulia karata mbele ya watu wote kabla hujafikiria la kufanya. Weka kijiwe juu ya karata zako mara tu ukishaziangalia.

Maneno nitakayotumia: *kufuata* ni kulipa kiasi kile kile alichoweka mwenzako, *kupandisha* ni kuweka zaidi, *kupita* ni kuacha zamu bila kuweka kitu, *kutupa* unakujua. *Chungu* ni vizibo vyote vilivyo katikati. *Mkwara* ni kuweka dau kubwa huna kitu, ukitegemea mwenzako aogope.

Hatua ya 1. Mhesabu kwanza

Usimjibu kwa hisia. Kwa migao ishirini ya mwanzo cheza kawaida, ila kwenye karatasi yako chora safu tatu: *gizani* (kapandisha hajaangalia), *kaona* (kaangalia, halafu akapandisha), *katupa*. Kila mgao weka alama moja.

Ukimaliza utajua unacheza na nani. Alama zikijaa safu ya kwanza, huyo kweli hajui alichoshika, na karata zake ni sawa na karata zozote zilizotoka kwenye pakiti. Zikijaa safu ya pili, huyo anaangalia ila anapenda kupandisha. Karata zake ni bora kidogo kuliko za gizani, lakini bado takataka ni nyingi. Na zikijaa ya tatu, hana ukali wowote. Ulimkariri kwa migao miwili mitatu iliyokuuma.

Hao wawili wa mwanzo hawachezwi sawa, na hapo ndipo wageni wengi wanapokosea. Mwangalie mkono. Anayecheza gizani kweli hanyanyui hata pembe ya karata. Yupo mwingine anayejifanya hajaangalia kumbe alichungulia kwa kidole gumba wakati wewe unapanga vizibo vyako. Kwa hiyo karata zikigawiwa usikimbilie zako. Mwangalie yeye kwanza, zako haziendi popote.

Hatua ya 2. Hama kiti

Zamu inazunguka kufuata mshale wa saa, kwa hiyo unataka kukaa kushoto kwake. Hapo yeye anaweka kabla yako na wewe unaamua ukiwa umeshaona. Ukikaa kulia kwake, kila unachoweka kinapandishiwa ukiwa umeshaingia.

Mtu akitoka kwenda kununua vocha au kupokea simu, omba kiti. Sema jua linakupiga. Kwa Dodoma hakuna atakayekubishia.

Ukishindwa kuhama na ukabaki kulia kwake, acha kabisa ule mtindo wa kuingia kwa vizibo viwili tu na karata za kubahatisha. Atapandisha, utatupa, na vizibo viwili viwili vikirudiwa jioni nzima ni rundo. Badala yake, siku ukipata pea kubwa, ingia taratibu kwa vizibo viwili, mwache apandishe, kisha zamu ikirudi umpandishie.

Hatua ya 3. Jua bei ya kumfuata

Hesabu ni hii moja, na ukiishika hii nusu ya mwongozo umemaliza:

*Unacholipa, gawanya kwa chungu chote baada ya wewe kulipa.*

Mfano. Wewe ndiye blaindi kubwa, umeshaweka 2. Jamaa kapandisha mpaka 8, wengine wote wametupa, blaindi ndogo kaacha kizibo chake 1. Kufuata unaongeza 6. Chungu kitakuwa 8 na 8 na 1, jumla 17. Sita gawanya kwa kumi na saba ni asilimia 35. Maana yake, ukishinda zaidi ya mara 35 katika kila 100, kulipa hakukupi hasara.

Ungekuwa kwenye kiti cha mgawaji, ambako hujaweka kitu, ungelipa 8 nzima ili chungu kiwe 19. Hiyo ni asilimia 42. Karata zile zile mbili, viti viwili, bei mbili.

Sasa dhidi ya mtu ambaye hajaangalia karata, nafasi zako ni hizi, mkifika mpaka karata ya tano mezani:

- Ree mbili (A-A): karibu 85 kwa 100
- 8-8: karibu 69
- A-K: karibu 65
- 5-5: karibu 60
- K-9: karibu 58
- A-2: karibu 55
- 10-9 za aina moja (mfano zote kopa): karibu 54
- Q-7: karibu 52
- 7-2 za aina tofauti: karibu 35

Q-7 ikaririwe. Mbele ya karata zozote zile iko katikati kabisa, inashinda nusu na kidogo. Wengi wanaitupa bila kufikiri mbele ya mtu ambaye hajui hata kama ameshika picha au namba.

Angalizo: Usisome orodha hiyo ukaondoka na wazo kwamba unafuata na kila kitu. Asilimia hizo zinahesabu kwamba mnafika mwisho bila kuongeza dau. Jamaa ataongeza, tena mara tatu. Q-7 kwenye blaindi kubwa dhidi ya gizani, sawa, fuata. Q-7 pale ambapo hujaweka hata kizibo kimoja na nyuma yako kuna watu watatu hawajaamua, tupa.

Hatua ya 4. Chagua karata za kumpandishia

Dhidi ya gizani tupu, mpandishie ukiwa na pea kuanzia 5-5, ree yenye 5 au zaidi, K yenye 9 au zaidi, na Q-J au Q-10. Hiyo ni kama migao 300 kati ya 1,326 inayowezekana, zaidi kidogo ya moja kati ya tano. Si kwamba unakaa jioni nzima unasubiri ree mbili, ambazo huja mara moja katika migao 221. Ukizisubiri hizo utachemsha chai.

Dhidi ya anayeangalia kisha akapandisha hovyo, kaza: pea kuanzia 8-8, ree yenye 10 au zaidi, na K-Q. Hiyo ni karibu moja kati ya kumi na moja. Ukimwona anapandisha zaidi ya nusu ya migao, ongeza 7-7, A-9 na K-J.

Hatua ya 5. Pandisha mbaki wawili

Hii wageni hawaielewi haraka. Wakipata karata nzuri wanafuata tu, wakitaka "kumvuta". Wa pembeni anaona chungu kimenona, naye anafuata. Wa tatu naye. Mnakuwa watu wanne.

Ree mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zinashinda mara 85 kwa 100. Dhidi ya watu watano zinashuka mpaka karibu 49. Karata ni zile zile, ila sasa zinashindwa kidogo zaidi ya kushinda.

Kwa hiyo akiweka 8, nawe una karata za hatua ya 4, usifuate. Pandisha mpaka 24 ukiwa unaamua baada yake, yaani mara tatu. Ukiwa kwenye blaindi, ambako raundi zote zijazo utaanza wewe, pandisha mpaka 32. Wengine watatupa, na mtabaki wewe na yeye, jambo ambalo ndilo ulilotaka.

Angalizo: Ukimpandishia, safari hii ataangalia karata zake. Kuanzia hapo si gizani tena. Akikufuata ana kitu au ana kiburi. Akikupandishia tena baada ya kuangalia, mheshimu: bila 10-10 au zaidi, au A-K au A-Q, tupa bila majuto.

Hatua ya 6. Linda blaindi yako, lakini moja tu

Blaindi kubwa unailinda kwa upana, kwa sababu bei ni nafuu kama tulivyoona. Blaindi ndogo achana nayo. Umeweka kizibo kimoja tu, utacheza ukiwa wa kwanza kila raundi, na blaindi kubwa bado yuko nyuma yako. Kutoka blaindi ndogo ama unapandisha ama unatupa, usifuate.

Hatua ya 7. Karata tatu zikifunuliwa, mpe nafasi aweke

Karata mbili zisizo pea hupata pea au zaidi kwenye karata tatu za mezani kama mara moja tu katika tatu. Wewe hivyo, na yeye hivyo. Tofauti ni kwamba yeye ataweka hata akikosa, kwa sababu ndivyo alivyo.

Basi ukipata pea nzuri na zamu ya kwanza ni yako, pita. Ataweka. Fuata. Karata ya nne, pita tena. Ataweka tena. Ukiweka wewe unampa sababu ya kutupa takataka ambazo angezilipia mwenyewe. Ukimpandishia mapema ukiwa na pea moja, atatupa zile ulizokuwa unazishinda na kubaki na zile zinazokushinda.

Hili la kufuata tu linaacha kufanya kazi meza ikiwa na hatari: karata tatu za aina moja, au namba zinazofuatana kama 8-9-10. Hapo ukiwa na pea mbili au tatu za namba moja, pandisha papo hapo, afike ghali kwenye karata anayoisubiri.

Na wewe ukiwa ndiye unayesubiri? Una kopa nne, unahitaji ya tano. Kwa karata moja inayofuata nafasi yako ni karibu 19 kwa 100. Kwa karata zote mbili zilizobaki karibu 35. Njia ya haraka: hesabu karata zinazokufaa, zidisha kwa mbili ukisubiri karata moja, kwa nne ukisubiri mbili. Kisha linganisha na bei ya hatua ya 3.

Angalizo: Mkwara kwa mtu huyu usichimbe. Mkwara unafanya kazi kwa anayeogopa kupoteza, na huyu alishaonyesha kwamba hajali. Atakufuata na pea ya nne akuulize kwa sauti kama una kitu.

Kuna jingine anapenda: kuweka dau la raundi inayofuata kabla karata hazijafunuliwa. "Naweka kumi, fungua!" Usipoteze muda kulifikiria. Subiri karata zifunuliwe, angalia ulichopata, kisha amua. Wewe umeona, yeye kaweka bila kuona.

Hatua ya 8. Jua lini ni kweli

Hata yeye hupata karata, na zipo dalili. Kubwa kuliko zote ni kubadilika. Mtu ambaye jioni nzima anaweka kwanza, ghafla anapita. Unaweka wewe, naye anapandisha. Huyo ana kitu. Au alikuwa anasukuma vizibo kwa makelele, sasa kanyamaza na kukaa vizuri. Hapo tupa pea yako moja, hata kama ni ya ree.

Ukubwa wa dau peke yake si dalili. Huyu anaweka kubwa akiwa na kitu na asipokuwa na kitu.

Mgao mmoja kwa ukaribu

Watu sita, blaindi 1 na 2, wewe na jamaa kila mmoja ana 200. Jamaa ni wa kwanza kuamua. Hajagusa karata, anaweka 8. Wawili wanatupa. Wewe ndiye mgawaji, una ree ya shupaza na 9 ya kopa.

A-9 iko kwenye orodha ya gizani. Unapandisha mpaka 24. Blaindi zote mbili zinatupa. Jamaa sasa ananyanyua pembe, anaangalia, anacheka, anaongeza 16. Chungu kina 51: 24 zako, 24 zake na 3 za blaindi.

Mezani: 9 ya uru, 5 ya pau, 2 ya kopa. Kabla ya karata ya tatu kutulia, kaweka 30. Una pea ya juu kabisa kwa meza hii na ree pembeni. Wengi hapa wanapandisha kwa furaha. Wewe fuata. Chungu 111, umebakiwa na 146.

Karata ya nne: K ya shupaza. Hii inauma kidogo, anaweza kuwa nayo. Anaweka 60. Bei yako: 60 gawanya kwa 231, yaani 26 kwa 100. Angeweka hizi 60 na K, angeweka na 5, angeweka na upuuzi mtupu, na upuuzi ndio mwingi. Fuata. Umebakiwa na 86.

Karata ya tano: 3 ya uru. Haibadilishi kitu cha maana. Anasukuma vyote vilivyobaki, 86. Chungu kilikuwa 231, kikiwa na zake ni 317, ukilipa kinakuwa 403. Themanini na sita kwa mia nne na tatu ni kama 21 kwa 100. Unatakiwa uwe unashinda mara moja katika tano hivi. Dhidi ya mtu ambaye karatasi yako imemjaza alama safu ya gizani, tena kaweka kila raundi bila kupumzika, A-9 inashinda zaidi ya hapo. Unalipa.

Anafunua 7 na 6 za pau. Alikuwa anasubiri 8 iwe mfululizo, haikuja.

Na angefunua K? Ungepoteza vizibo 200 na bado ungekuwa umecheza sawa. Hili wageni wananikatalia sana, lakini uamuzi unapimwa kwa bei uliyolipa, si kwa karata iliyofunuliwa baadaye.

Hatua ya 9. Akianzisha blaindi ya tatu

Baadhi ya meza zinaruhusu anayekaa kushoto kwa blaindi kubwa kuweka 4 kabla karata hazijagawiwa, naye anaamua wa mwisho raundi ya kwanza. Jamaa atalipenda hili kuliko chakula.

Ujue kilichotokea: vizibo vyako 200 vilikuwa blaindi kubwa 100, sasa ni kama 50 tu. Kila kitu kimekuwa ghali mara mbili. Punguza karata ndogo za kusubiri, zile 6-5 na 7-6 za aina moja, na uzipe uzito pea na karata kubwa. Kisha mkubaliane mezani kwamba inaishia blaindi ya tatu, hakuna ya nne wala ya tano, la sivyo mgao mmoja utamaliza jioni.

Yakikwama

*Kila nikimlipa nakuta anazo kweli.* Rudi kwenye karatasi yako. Umehesabu migao mingapi? Kama ni sita, hujajua kitu bado. Kama ni arobaini na safu ya *kaona* ndiyo imejaa, ulikuwa unatumia orodha ya gizani kwa mtu anayeangalia. Badilisha orodha.

*Nilikuwa na A-K, akaniua na 8-3.* Asilimia 65 maana yake unapigwa kama mara moja katika kila tatu. Ikitokea mara mbili mfululizo si mkosi wala hujarogwa. Nyanyuka, kunywa maji, rudi.

*Nikimpandishia, wengine nao wanafuata.* Umepandisha kidogo. Ongeza mpaka mara nne au tano ya dau lake. Wakiendelea kufuata hata hapo, punguza orodha yako ibaki pea kubwa, A-K na A-Q, uwalipishe wote.

*Nimebakiwa na vizibo 24.* Hizo ni blaindi kubwa 12, wakati wa kufuata umeshapita. Ama unamwaga vyote ama unatupa. Jamaa akiweka 8 gizani, mwaga ukiwa na pea kuanzia 5-5, ree yoyote, au K yenye 9 au zaidi.

*Meza nzima imeanza kucheza kama yeye.* Hutokea kuanzia saa tatu usiku hivi, watu wakishachoka kutupa. Wewe kaza zaidi. Wakiwa wanne wanaweka gizani, mikwara yote imekufa na mwenye karata ndiye anayelipwa.

*Ananitania kila nikitupa, ananiita muoga.* Mwitikie, "Sawa kaka, chukua," halafu tupa. Ukianza kulipa kwa ajili ya utani, rudi juu kabisa usome lile la kutaka kumkomesha.

*Ameacha. Sasa anaangalia karata na anatupa nyingi.* Basi amekusoma, au vizibo vimemwishia. Orodha zote mbili hapo juu hazikufai tena. Chukua upande wa pili wa karatasi, chora safu tatu upya, uhesabu migao ishirini kabla hujampandishia tena.